Jua, miale ya UV na virusi: maswali ambayo watu wa Kigoma huuliza mara kwa mara

Maswali haya yametoka kliniki ya mama na mtoto, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, saluni za mtaa wa Mwanga, na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Mengi yanazaliwa na imani moja, kwamba jua letu kali linaua kila kirusi popote kilipo. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Jua huua virusi vilivyo nje ya mwili, juu ya kitu kilichopigwa na mwanga. Kirusi kilicho ndani ya mtu halikifikii, na kuna virusi ambavyo jua huviamsha. Anika godoro, usimwanike mgonjwa.

Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Miale ya UV ni nini hasa?

Ni sehemu ya mwanga isiyoonekana kwa macho, inayoanzia pale rangi ya zambarau inapoishia. Mjerumani Johann Wilhelm Ritter aliigundua mwaka 1801. Wataalamu huigawa kwa urefu wa wimbi: UVA ni nanomita 315 hadi 400, UVB ni 280 hadi 315, na UVC ni 100 hadi 280. Wimbi likiwa fupi zaidi, madhara yake kwa viumbe hai huwa makubwa zaidi.

UVC ya jua haifiki ardhini kabisa, inaishia kwenye tabaka la ozoni na hewa ya juu. UVB hupita kidogo, UVA hupita kwa wingi. Kwa hiyo ukikutana na UVC hapa Kigoma, imetoka kwenye taa maalumu au kwenye cheche za fundi wa kuchomelea vyuma.

2. Inauaje virusi?

Kirusi ni kifuko kidogo chenye maelekezo ya kujizalisha, yaliyoandikwa kwenye DNA au RNA. Maelekezo hayo hunyonya miale ya UV vizuri sana karibu na nanomita 260. Yakishainyonya, herufi zilizo jirani hugandana, kama kurasa za daftari lililomwagikiwa uji. Kirusi kinaweza kubaki na umbo lake zima, lakini kikiingia kwenye seli hakisomeki tena, basi hakizaliani.

Seli zetu zina uwezo wa kurekebisha uharibifu wa aina hiyo. Kirusi kilichokaa juu ya meza hakina. Lakini baadhi ya virusi vya DNA ya nyuzi mbili, kama adenovirusi wanaoleta mafua na macho mekundu, vikifanikiwa kuingia kwenye seli huazima vifaa vya seli hiyo na kujirekebisha. Ndiyo maana ni sugu. Kanuni za maji ya kunywa za Marekani zinataka dozi ya millijuli 186 kwa kila sentimita ya mraba ili kuondoa asilimia 99.99 ya virusi, na kiwango hicho kikubwa kimewekwa kwa sababu ya adenovirusi.

3. Si joto la jua ndilo linaloua?

Joto husaidia, lakini ni kazi nyingine. Siku ya mawingu mepesi unaweza kuhisi ubaridi na bado hadi asilimia 80 ya UV inapita. Na chumba kilicho chini ya bati kinaweza kuwa cha moto sana bila UV hata kidogo.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliweka kirusi cha korona kwenye mate bandia yaliyokaushwa juu ya chuma, wakakimulika kwa mwanga ulioigizwa wa jua la mchana wa kiangazi. Asilimia 90 ya virusi iliharibika ndani ya dakika 7 hivi. Gizani, kwa muda huohuo, karibu hakuna kilichobadilika. Soma matokeo hayo kwa uangalifu: yanahusu chuma, hayahusu mapafu.

4. Jua la Kigoma ni kali kuliko la kwingine?

Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katika kipimo cha UV kinachotumika duniani, 11 na kuendelea ni kiwango cha kupindukia, na ukanda wetu hufika huko mara nyingi mchana ukiwa mweupe. Ndugu zetu wa Tabora wako juu zaidi, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda.

Kuna jambo ambalo matangazo ya afya kutoka Dar es Salaam hayalisemi. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini jua haliendi kwa saa hiyo. Kigoma tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua linafika kileleni karibu saa saba mchana, siyo saa sita. Saa za hatari kwetu ni kuanzia saa tano asubuhi hadi karibu saa kumi jioni. Ukikosa saa, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, UV ni kali.

## Vitu, maji na chakula

5. Nikianika godoro na nguo za mgonjwa juani, virusi vinakufa?

Vilivyo juu, ndiyo, vingi vinakufa. UV haipenyi kitambaa kinene, uchafu, wala damu iliyoganda. Fua kwanza kwa sabuni, kisha anika jua likiwa wazi, geuza upande wa pili, kunjua mikunjo na mishono. Kwa mafua, surua au tetekuwanga hiyo inatosha kabisa kwa matumizi ya nyumbani.

Kwa Marburg au Ebola haitoshi, na hapa naomba tusikilizane. Marburg ilithibitishwa kwa jirani zetu wa Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025, na Ebola imeshalipuka mara nyingi kwa jirani zetu wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Vitu vilivyolowa majimaji ya mgonjwa wa namna hiyo havianikwi na havifuliwi na ndugu. Usiviguse, piga simu kituo cha afya. Wahudumu waliovaa vazi la kinga hutumia klorini ya asilimia 0.5 kwa vifaa na 0.05 kwa mikono.

6. Ni kweli maji yakiwekwa kwenye chupa juani yanakuwa salama?

Ni kweli, ukifuata masharti. Njia hii ilianza kuchunguzwa mjini Beirut, Lebanon, na Aftim Acra na wenzake karibu mwaka 1980, kisha taasisi ya maji ya Eawag ya Uswisi ikaieneza. Inatumia UVA pamoja na joto. Inaua bakteria wa kipindupindu na virusi vingi vya kuharisha, kikiwemo rotavirusi. Adenovirusi wanabaki wagumu (tazama swali la 2).

Chukua chupa ya plastiki angavu ya maji ya dukani, isiyozidi lita 2, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, na bandua lebo. Jaza robo tatu, funika, tikisa kwa nguvu sekunde 20 ili hewa ichanganyike, kisha jaza hadi juu. Ilaze juu ya bati. Siku ya jua wazi ni saa 6. Kama zaidi ya nusu ya anga ni mawingu, ni siku 2 mfululizo. Siku za mvua za masika iache njia hii, chemsha au tumia dawa ya maji.

Maji yenye tope hayafai. Kipimo ni rahisi: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chungulia kupitia mdomo wa chupa. Herufi zisiposomeka, chuja kwanza. Na ndoo ya bluu, dumu la mafuta au chupa ya kijani hazitafanya kazi hata zikikaa wiki nzima.

Mimi naipenda njia hii kwa sababu ya mkaa. Familia inayochemsha maji yote ya kunywa inateketeza pesa na miti. Lakini haiondoi kemikali, na maji yakishakuwa salama yabaki kwenye chupa ileile hadi yanywewe.

7. Ziwa Tanganyika ni angavu. Jua halijalisafisha tayari?

Katikati ya ziwa, kwa kiasi fulani limefanya hivyo. Maji yake ni kati ya maji ya ziwa yaliyo maangavu zaidi duniani na UV hushuka mbali. Lakini sisi hatuchoti katikati. Tunachota ufukweni, palepale mtumbwi unapooshwa, mitaro inapoingia na watoto wanapooga. Pale maji yana chembechembe na virusi hujificha nyuma yake. Tibu maji ya ufukweni kila siku, hata yakionekana meupe.

8. Dagaa walioanikwa wana usalama gani?

Virusi vya kuharisha hufika kwenye dagaa kwa mikono, nzi na mchanga wenye kinyesi. Jua hukausha na kuua upande wa juu tu. Akinamama wa Katonga wanaoanika kwenye vichanja na kuwageuza mara kwa mara wanapata dagaa safi kuliko wanaomwaga mchangani, kwa sababu hewa na mwanga vinafika pande zote na mchanga haugusi chakula. Kazi ya mwisho ni ya sufuria. Usitafune dagaa wabichi kutoka kichanjani.

9. Nikiacha banda la kuku wazi lipigwe jua, mdondo utaisha?

Utapungua bandani, hautaisha kwa kuku. Kirusi cha mdondo kilichofunikwa na kinyesi hakioni jua. Komba kinyesi, toa matandiko ya zamani, kisha acha jua lipige sakafu. Kinga ya kweli ni chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila miezi 3 hadi 4. Na usitembee na kichupa chake mkononi juani, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 17.

## Mwili wa binadamu

10. Kuota jua kunatibu mafua, korona au surua?

Hapana. Kirusi kikishaingia puani, kooni au kwenye mapafu, UV haikifikii. UVB inaishia kwenye ngozi ya juu kabisa. Mtoto mwenye surua anayewekwa juani anapoteza maji na homa inapanda. Anachohitaji ni maji, chakula, matone ya vitamini A kutoka kituo cha afya, na uangalizi wa macho na kifua.

Wengine huuliza kuhusu daktari wa Denmark, Niels Finsen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kwa mwanga. Alitibu kifua kikuu cha ngozi. Ni bakteria, na wako juu ya ngozi.

11. Mbona nikishinda juani natoka malengelenge mdomoni?

Hilo ndilo swali ninalolisikia zaidi kwa wavuvi na wakulima, na wengi wanadhani ni malaria. Ni kirusi cha herpesi aina ya kwanza. Watu wengi hukipata utotoni, kisha kinajificha kwenye neva karibu na sikio maisha yote. Homa hukiamsha, ndiyo maana watu hukihusisha na malaria. UVB kwenye mdomo pia hukiamsha.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 lilionyesha jambo hili waziwazi. Watu 38 wenye historia ya malengelenge hayo walimulikwa UV midomoni. Walipopakwa dawa bandia, 27 walitoka malengelenge. Walipopakwa losheni halisi ya kuzuia jua, hakuna aliyetoka.

Kwa hiyo: kofia pana, na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua kama unayapata. Ukihisi mwasho wa mwanzo, dawa ya asaikloviri ianze mapema. Usibusu mtoto mchanga ukiwa na kidonda, kirusi hiki kinaweza kumuua.

12. Jua linashusha kinga ya mwili?

Linashusha kinga ya ngozi, kwa muda. Kwenye ngozi kuna seli za ulinzi ziitwazo seli za Langerhans ambazo hukamata kirusi na kupeleka taarifa. Ngozi ikipigwa na UVB nyingi, seli hizo hupungua, na kemikali ya ngozi iitwayo asidi ya urokaniki hubadilika umbo na kutuliza mashambulizi ya kinga. Huenda mwili hufanya hivyo ili usijishambulie wenyewe baada ya kuungua. Virusi vya herpesi na vya chunjua hunufaika na nafasi hiyo. Watu weusi tuna melanini (rangi ya ngozi) inayotukinga sana na kuungua, lakini haituondoi kabisa kwenye hesabu hii.

13. Na vitamini D?

UVB hutengeneza vitamini D kwenye ngozi, na vitamini D ina kazi kwenye kinga. Majaribio ya kuitumia kuzuia magonjwa ya njia ya hewa yametoa majibu mchanganyiko. Anayelima, anayevua au anayetembea kwenda sokoni anapata jua la kutosha bila kujianika kwa makusudi.

14. Ninaishi na VVU. Nijifiche jua?

Usijifungie ndani. Maabara zimeonyesha kwamba UV inaweza kuchochea VVU kwenye seli, lakini wagonjwa waliotibiwa ngozi kwa taa za UVB, kwa jumla, hawakuonekana virusi vyao kupanda kwa sababu hiyo. Kinachoshusha virusi ni dawa za ARV, kumeza kila siku.

Ngozi ndiyo inayohitaji uangalifu. Watu wenye VVU hupata zaidi ugonjwa wa ngozi unaochochewa na jua: uso, shingo na mikono hadi pale shati linapoishia vinakuwa vyeusi, vinawasha na kuwa vigumu. Septrini inaweza kuongeza tatizo hilo, na doksisaiklini pia. Ukiona mpaka huo wa rangi, usiache dawa na usipake krimu za kuchubua. Mwonyeshe mhudumu wa CTC (kliniki ya VVU).

Na ukipata mkanda wa jeshi, usilaumu jua peke yake: pima VVU kama hujapima.

15. Nyama inaota kwenye jicho langu. Ni jua?

Mara nyingi ndiyo. Kinyama cha kawaida chenye umbo la pembetatu kutoka upande wa pua huwapata wanaoshinda juani na juu ya maji, nacho siyo saratani. Lakini Afrika Mashariki tuna saratani ya utando wa jicho inayohusishwa na UV, VVU na pengine kirusi cha HPV kwa pamoja. Ikiwa uvimbe unakua haraka, ni mweupe kama chokaa au una mishipa mingi, nenda kliniki ya macho wiki hiyohiyo. Ukikatwa mapema, jicho linabaki.

16. Mtoto wangu ana ualbino. Hili linamhusu vipi?

Kuliko mtu mwingine yeyote. Hana melanini ya kutosha, kwa hiyo UV inaharibu seli za ngozi moja kwa moja, na saratani ya ngozi huwapata wengi wakiwa vijana. Mikono mirefu, kofia pana, kivuli saa zilizotajwa kwenye swali la 4, na losheni. Hospitali ya KCMC, Moshi, inatengeneza losheni kwa ajili ya watu wenye ualbino wa hapa nchini, iitwayo Kilisun. Uliza hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino jinsi ya kuipata. Shuleni, mwalimu amkalishe mbali na dirisha lisilo na kioo.

## Chanjo

17. Kwa nini muuguzi anaficha chanjo na mwanga?

Mama mmoja aliwahi kuniambia huenda wanaficha tarehe. Hapana, wanalinda uhai wa chanjo. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwanga unakiua kama unavyoua kirusi kingine. Tazama huduma ya mkoba chini ya mwembe: kichupa ni cha kahawia, kimechomekwa kwenye tundu la sponji juu ya kibebeo cha barafu, na muuguzi amekaa mgongo ukielekea jua. Ikishachanganywa na maji yake, chanjo hiyo hutupwa baada ya saa 6 hata kama imebaki dozi. Chanjo iliyopigwa jua inachomwa vilevile na mtoto analia vilevile, lakini hakingwi.

## Taa

18. Sterilaiza ya saluni inaua VVU na homa ya ini B?

Usiitegemee. Kile kikasha chenye mwanga wa bluu, mashine imelazwa ndani, hakiwezi kufanya kazi inayodhaniwa. Kwanza, rangi ya bluu siyo uthibitisho wa UVC, na vikasha vingine havina UVC kabisa. Pili, hata ikiwepo, inapiga upande mmoja tu, haifiki katikati ya meno ya mashine, na nywele na mafuta vinaizuia. Tatu, kinyozi huitoa baada ya dakika moja.

VVU haviishi sana nje ya mwili. Cha kuogopa zaidi ni kirusi cha homa ya ini B, kinachoweza kubaki na nguvu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kinyozi apige brashi meno ya mashine hadi nywele zote zitoke, apanguse kwa spiriti ya asilimia 70 na aiache ikauke yenyewe. Kwa ndevu, wembe mpya mbele ya macho yako. Bora zaidi, nunua mashine yako uende nayo, na upate chanjo ya homa ya ini B.

19. Taa ya kukagulia noti, taa ya kucha, taa za kuvulia dagaa?

Za noti na kucha ni UVA, haziui virusi kwa maana yoyote ya matumizi. Karabai na taa za sola za wavuvi hazitoi UV ya kujali.

20. Taa za UVC nisiziweke nyumbani?

Usiziweke. Taa za zebaki za nanomita 254 zina nafasi yake hospitalini, zikifungwa juu ya vichwa vya watu na kuelekezwa darini, ili hewa inayopanda isafishwe. Mtafiti wa Marekani William Wells alizijaribu kwenye shule za eneo la Philadelphia kuanzia mwaka 1937, na surua ikaenea kidogo kuliko kwenye shule zisizo nazo. Zipo pia za nanomita 222, ambazo hazipenyi sana ngozi, lakini bado ni ghali. Shirika la Afya Duniani limekataza kutumia taa za UV kusafisha mikono au ngozi. Kwa chumba cha kawaida cha Kigoma, madirisha mawili yanayotazamana, yaliyo wazi, yanafanya kazi kubwa bila umeme.

21. Macho yanawaka baada ya kukaa karibu na taa ya UVC au fundi wa kuchomelea. Nifanyeje?

Uso wa jicho umeungua. Maumivu huanza saa chache baadaye, mara nyingi usiku, kama mchanga machoni. Kaa gizani, weka kitambaa cha maji baridi, meza panado. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani wala matone ya ganzi. Kwa kawaida hupona ndani ya siku 1 hadi 2. Uoni ukififia au maumivu yakizidi hapo, nenda hospitali.

22. Taa ya UVC imepasuka kituoni kwetu. Kuna hatari?

Ipo, kwa sababu ina zebaki. Toa watu, fungua madirisha, subiri kama nusu saa. Usifagie kwa ufagio, unatawanya. Vaa glavu, kusanya vipande kwa karatasi ngumu mbili, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, weka kila kitu pamoja na kitambaa hicho kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana, kisha mkabidhi afisa afya. Usivitupe shimoni pamoja na taka nyingine wala kuvichoma.